Koti la Mzee Lusekelo

Gwakisa, mwalimu wa kompyuta katika chuo kimoja cha Mbeya, alipata shahada yake kwa mashine ambayo haipo. Ipo kwenye karatasi tu. Inasoma nyuzi mbili za herufi kwa pamoja, mithili ya zile za vinasaba: A sharti ikabiliane na T, C na G. Herufi moja ikikosa mwenza, mashine inakataa uzi mzima. Nje ya chuo hakuna aliyewahi kuihitaji, mpaka Gwakisa alipotaka kuoa.

Mchumba wake, Matilda, ni Mhehe wa Kalenga. Mama mtu, Yudith, alishasema wazi: wakidharauliwa hata kidogo siku ya utambulisho, anarudi Iringa na binti yake. Gwakisa akaona asibahatishe. Katika ukumbi mdogo pale Mwanjelwa alipanga viti safu mbili zinazotazamana: mjomba kwa mjomba, shangazi kwa shangazi, mama kwa mama. Yeye akajipangia kaka wa Matilda. Baba wa Matilda alishafariki, hivyo zikabaki herufi mbili: Mzee Lusekelo, baba yake Gwakisa, na Matilda mwenyewe. Akawakabilisha. Mashine ilikubali.

Sasa, Mnyakyusa wa umri wa Mzee Lusekelo hatazamani na mke wa mwanawe. Alipomwona Matilda mbele yake, akanyanyuka aondoke.

"Baba, usitoke!" Gwakisa alinong'ona. "Kiti kikibaki kitupu, uzi mzima unakataliwa."

Mzee alikuwa mtu wa kuwaheshimu wasomi. Akakaa, akavua koti, akajifunika kichwa chote.

Yudith akachukua mkoba. "Matilda, inuka. Kumbe tunanuka."

"Mama, kaa kwanza!" alidakia Anjela, shangazi yake Gwakisa. "Kwetu baba mkwe humficha uso mkwewe. Angekuwa binti wa watu tu, si angemkodolea macho kama sisi wengine?"

Yudith alisimama na mkoba wake. "Kwa hiyo ameshamkubali?"

"Kabla hata ya soda!"

Yudith akaketi taratibu, akalitazama koti. "Na pilau atakulaje?"

Sahani ikapitishwa chini ya ukosi. Koti likajibu: "Anjela, waambie wageni nyama imeiva."

Hadi leo Gwakisa anawafundisha wanafunzi kwamba zipo herufi zinazoshikana kwa kukwepana. Uthibitisho hajaupata. Mzee Lusekelo ana wajukuu wawili, na akisikia mama yao yuko uani, huulizia koti.