Siku Akili Iliponikauka Kwenye Usukani

Mnaoniona hapa nacheka, jueni nacheka kwa rehema za Mungu. Naitwa Zuhura, mzaliwa wa Tanga, dereva wa basi London.

Kabla ya zamu nilizoea kukimbia bustanini, na maji sinywi. Dereva yeyote atakwambia sababu: choo kiko mwisho wa ruti. Siku ile jua lilikuwa kali, Waingereza wanalalamika, mimi nawacheka. Joto la London limfanye nini mtu wa Tanga? Nikakimbia kuliko kawaida, fulana ikaloa chepechepe, nikaoga nikaenda kazini.

Kufika kituo cha Kingsbury kichwa kinagonga, mate yamekuwa gundi. Abiria akaniuliza kama tunapita hospitali. Ruti yangu ya miaka, nikashindwa kumjibu! Nikamfokea bure.

Karibu na mlango alikaa Mama Jaya, Mhindi wa Mombasa ambaye kila siku hunisalimia kwa Kiswahili.

"Zuhura, leo iko nini? Basi nakwenda upande-upande."

"Niko sawa, mama." Ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

Mbele kulikuwa na kivuko. Watoto wa shule walishaingia barabarani, wameshikana mikono, na basi linakwenda tu.

"Breki! Zuhura, breki!" Mama Jaya alikuwa anapiga kwa viganja viwili kioo kinachonitenga na abiria.

Mguu ukakanyaga. Abiria wakapigana vikumbo. Mtoto wa mwisho angenyoosha mkono angeligusa basi.

"Sasa zima gari," Mama Jaya akasema. "Usiguse kitu tena."

Nikakitafuta kitufe, nisikijue. Abiria mmoja akanizimia injini, nami nikaangukia usukani.

Hospitali walinitundikia dripu. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya mkandaa. Daktari akasema, "Umetoa jasho jingi, hukurudishia maji wala chumvi. Ubongo ukikosa hivyo unafikiri polepole, na mwenyewe hujitambui." Nililia sana, si kwa maumivu. Kesho yake akili zikarudi.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Jaya. Nanyi mnaofanya mazoezi, jamani, kunyweni maji. Na wewe dereva mwenzangu, haja ikikubana, simamisha basi ukajisaidie, abiria wanune wanavyotaka.

Watu huniuliza kama siku ile macho yaliingia giza. Hapana. Watoto wale niliwaona vizuri, mmoja mmoja. Sikukumbuka tu kwamba inanipasa kusimama.