Mtu Mdogo Aliyengoja Ukutani

Kabla ya kutengeneza gemu, Hezroni alikuwa mpiga chapa wa marobota. Kazi yake, katika shamba la mkonge lililokuwa tambarare chini ya milima ya Upare, ilikuwa kuweka bati lililotobolewa herufi juu ya robota la katani na kupitisha brashi yenye rangi nyeusi. Alifanya hivyo kwa miaka minne, akilala bweni moja na vijana wa Kigoma, Njombe na Singida, ambao kila mmoja alikuwa akiota kwa lugha ya kwao. Mwaka 1992 shamba likafungwa. Wenzake wakarudi makwao. Yeye akabaki na brashi mbili, rangi nusu kopo, na mkono uliozoea kuchora mstari ulionyooka.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Kwao ni Suji, juu, ambako asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye migomba na mtu husikika akikohoa kabla hajaonekana. Mama yake alikuwa na shamba dogo la maharage na zamu yake ya maji. Lukasi, mtoto wa mama yake mkubwa, alikuwa akichimba madini Mererani na alishamtengenezea nafasi. Gari lingepita Hedaru baada ya wiki chache, likitoka Korogwe, na Hezroni angepanda.

"Huko utashuka shimoni, utatoka mtu," Lukasi alimwambia siku alipokuja Suji kusalimia. "Hapa utapiga chapa nini, kuku?"

Hezroni aliendelea kuosha brashi zake. Hakutaka kwenda Mererani, lakini hakuwa na kitu cha kuonyesha kwamba anataka kubaki.

Siku moja aliteremka Hedaru, kwenye barabara kuu, kununua chumvi. Maduka yalikuwa yamejaa. Kila alipoyaona alishangaa kidogo, kwa sababu alikua katika miaka ambayo sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana, na kipande kimoja kilikatwa kwa uzi ili kitoshe nyumba tatu. Sasa sabuni zilipangwa mpaka dari, za rangi ya waridi na za kijani, kama vile hazikuwahi kupotea. Katika duka la Mzee Isihaka, mfanyabiashara ambaye babu yake alifungua duka hapohapo enzi za misafara, watu walikuwa wamejazana barazani. Mpwa wake alikuwa ameleta kutoka Dubai televisheni na mashine ndogo ya gemu. Bara hakukuwa bado na kituo cha televisheni, kwa hiyo kile kioo hakikuwa na kazi nyingine. Jenereta ilinguruma uani.

Hezroni alisimama nyuma akatazama. Mtu mdogo mwenye shati la bluu alitoka mahali patupu, mikono mitupu. Akaokota rungu. Akaokota viatu. Akaokota ngao, na kwa kila alichookota akawa mkubwa zaidi, mpaka mto uliomshinda mwanzo akauvuka kwa hatua moja. Hezroni alihisi kwamba jambo hilo aliwahi kuliona. Aliliona mwaka ambao Mwalimu Nathanaeli alipata raba mpya, akatembea shuleni akiwa mrefu kuliko juzi. Aliliona kwa mama yake, siku alipojifunga khanga mpya baada ya miaka mitatu, akaingia kanisani shingo imenyooka. Watu hukua kwa kitu. Alilijua hilo tangu utotoni, ila hakuwahi kuliona limechorwa.

Mafuta ya jenereta yakaisha. Kioo kikawa cheusi. Walipowasha tena, yule mtu alikuwa amesimama palepale pa mwanzo, mikono mitupu.

"Vitu vyake vimekwenda wapi?" Hezroni aliuliza.

Watu wakacheka. "Ameanza upya," alisema Mzee Isihaka. "Ndiyo gemu ilivyo, kijana. Ulitaka tumwekee benki?"

Njiani kurudi, akipanda mlima na chumvi yake begani, Hezroni alimwona yule mtu mdogo akimtangulia kwenye kila kona. Milima yote ilikuwa gemu. Kulikuwa na daraja la magogo, mwamba unaoteleza, msitu, na chini kabisa korongo ambalo mvua ikinyesha hujaa maji ya matope na kuzuia hata malori.

Alikusanya mifuko ya saruji, akaitoa tabaka la ndani lililo safi, akaishona pamoja ikawa karatasi moja ndefu. Juu yake alichora njia nzima, kutoka Suji mpaka barabarani. Karatasi ile aliiviringisha kwenye fimbo mbili ndani ya boksi la mbao lenye dirisha mbele, ili ukizungusha fimbo, nchi ipite dirishani taratibu. Alichonga watu wadogo wa mti, kila mmoja urefu wa kidole. Mchezaji angerusha punje nne za mahindi zilizopakwa rangi upande mmoja, na rangi zilizotazama juu ndizo hatua. Njiani kulikuwa na vitu vya kuokota: panga, kibuyu, viatu, kamba. Kila kitu kilipookotwa, Hezroni angechomeka kipande cha mti chini ya miguu ya yule mtu, naye angerefuka kweli. Kwenye korongo la mwisho alichora mstari wa maji. Aliyekuwa mrefu kuliko mstari alivuka.

"Shikamoo, Mzee Isihaka," alisema alipoliweka boksi mbele ya duka.

"Marahaba. Hii ni televisheni au mzinga wa nyuki?"

"Ni gemu. Haili mafuta."

Mzee Isihaka alizungusha fimbo moja. Suji ikapita, kisha msitu. Aliizungusha tena, polepole zaidi. "Nina kona ya baraza," alisema hatimaye. "Nakupa siku tatu za gulio. Mtu kucheza mara moja si kitu, hata ndege aliyekufa watu humtazama mara moja. Nataka nione mtu amerudi. Akirudi mmoja tu, kona ni yako. Asiporudi, niachie nafasi niweke ndoo."

Siku ya tatu ya gulio ndiyo siku ambayo gari la Lukasi lilitarajiwa.

Gulio la kwanza watu walikuwa wengi. Wa kwanza kucheza alikuwa Stumai, mwanamke wa Suji aliyekuwa akiuza viazi na maharage, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Alirusha punje, mtu wake akafika njia panda ya kwanza, penye panga.

"Okota," Hezroni alimwambia.

"Siokoti."

"Ni lako, dada. Chukua."

"Wewe ndiye uliyeliacha hapo?" Stumai alimtazama. "Basi okota wewe."

Akapita. Akapita kibuyu, akapita viatu, akafika korongoni akiwa mfupi vilevile, maji yakamchukua. Hakuonekana kujali. Aliyemfuata akafanya hivyohivyo, na aliyefuata. Mzee mmoja aliona kamba imechorwa njia panda akaondoa kabisa mkono wake kwenye boksi, akaufuta kwenye koti. Kufikia saa nane hakuna aliyekuwa amevuka, na watu walirudi kwenye televisheni.

"Mama yako hakukufundisha?" Stumai alimuuliza akifunga gunia lake. "Kitu cha njia panda kina mwenyewe. Mtu ameuacha ugonjwa wake pale, wewe unauchukua na kuupeleka nyumbani."

Hezroni alikuwa amefundishwa. Akiwa na miaka kumi na miwili, katika ile miaka ya uhaba, aliokota kiberiti kizima njia panda, njiti zote zimo. Nyumbani hawakuwa na kiberiti tangu wiki iliyopita. Mama yake alikitazama mkononi mwake, akamrudisha njia yote akakiweke mahali alipokitoa. Jioni ile waliomba kaa la moto kwa jirani. Alilijua jambo hilo mwilini mwake, lakini kile kioo cha Dubai kilikuwa kimelifuta kwa saa moja tu.

Alirudi Suji na boksi kichwani. Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu ya maji ya mama yake. Walikwenda pamoja kwenye ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya chemchemi usiku kucha, yafunguliwe asubuhi na kugawanywa kwa zamu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Walikaa ukingoni wakila makande ya jana, wakimngoja mwenye kufungua.

"Nionyeshe huyo mtu wako," mama yake alisema.

Hezroni alimtoa mfukoni. Mama alimgeuza kwenye kiganja, akamwangalia mgongoni, akamwangalia miguuni.

"Hana mama?"

"Ni mti tu, mama."

"Nimesikia ni mti. Anatoka Suji mpaka barabarani, mikono mitupu. Nyumba gani hiyo imemtoa mtu hivyo, hata makande hawakumfungia?"

Alimeza, akaongeza: "Na njiani hakuna nyumba? Anapita tu kama mbuzi, hasalimii mtu?"

Maji yalifunguliwa. Hezroni alisimama ndani ya mfereji na jembe, maji baridi yakipita kati ya vidole vya miguu, na akaanza kuhesabu mambo. Jembe lile alipewa na babu. Brashi alipewa na karani wa shamba la mkonge. Koti alipewa na Lukasi. Alijaribu kukumbuka kitu chochote alichowahi kuokota kikamfaa, hakukipata.

Wiki ile alifuta panga, kibuyu, viatu na kamba kwenye njia panda zote. Badala yake alichora nyumba. Sasa mtu alianza safari akiwa na makande yake, na hivyo alikuwa tayari na kipande kimoja chini ya miguu. Kwenye kila nyumba mchezaji alitakiwa kusalimu, kisha kukosa zamu moja, kwa sababu alikuwa ameingia kwenye msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzibua ndiva au kutengeneza njia. Ndipo alipopewa kitu. Na Hezroni hakusahau jenereta. Alipigilia misumari kwenye ukuta wa baraza, ili anayelazimika kuondoka amtundike mtu wake pale pamoja na vitu vyake vyote, na jina lake juu kwa rangi nyeusi.

Gulio la pili Stumai alicheza tena, lakini Mzee Isihaka alikataa kuhesabu. "Amekuja kukucheka, si kucheza."

Lakini Stumai hakucheka. Alisalimu nyumba ya kwanza kwa sauti, kama kuna mtu. Alipoambiwa akose zamu alilalamika kwamba hata kwenye karatasi watu wa Suji wanafanyishwa kazi. Alipata kiazi, akapata fimbo. Jua likashuka, gari la kupanda mlimani likapiga honi, naye alikuwa bado mbali na korongo. Alimtundika mtu wake msumarini mwenyewe, akaondoka. Jioni ile watu kumi na mmoja wa mti walibaki ukutani, wakitazama barabara.

Gulio la tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri. Milima haikuonekana kabisa. Watu wa Hedaru walifungua meza zao, lakini kutoka juu hakushuka mtu, na malori yalipita yakirusha matope. Saa nne gari la Lukasi likasimama mbele ya duka.

"Mpiga chapa," Lukasi aliita kutoka juu ya mzigo. "Dereva hangoji. Lete begi."

Hezroni alimpa begi. Mzee Isihaka alikuwa mlangoni, ndoo tatu za plastiki zikiwa miguuni mwake, na wala hakuzisogeza. "Mvua si kosa lako," alisema. "Lakini neno ni neno."

Hezroni akaanza kuwatoa watu msumarini, mmoja mmoja, akiwafunga kwenye kitambaa. Alikuwa amefika wa tano aliposikia sauti ile ya kuita wateja, sasa imekauka.

"Huyo wangu unampeleka wapi?"

Stumai alikuwa amelowa mpaka kichwani, matope yamempanda hadi magotini. Hakuwa na gunia. Nyuma yake, mbali kidogo, wanawake wawili na mzee mmoja walikuwa wakivuka barabara wameshikana mikono. Mzee huyo ndiye yule aliyefuta mkono wake kwenye koti.

"Gari limekwama huko juu, tumeshuka kwa miguu," alisema. "Viazi nimeviacha kwenye gari. Nimemletea hiki." Akafungua ncha ya khanga. Ndani mlikuwa na kibuyu kidogo kama ukucha, amekichonga kwa mbegu na kukifunga uzi. "Mtu wangu ana kiazi na fimbo, maji hana. Nimeliwaza wiki nzima."

Mzee Isihaka alikichukua kile kibuyu, akakishika kwenye mwanga. Kisha akainama, akazichukua ndoo zake, akaingia nazo dukani.

Dereva alipiga honi. Lukasi alikuwa ameshuka, amesimama chini ya baraza na begi la Hezroni mkononi, akimtazama Stumai anayezungusha fimbo na milima inayopita dirishani. Ilipita Suji. Ukapita ule mwamba ambao yeye na Hezroni waliteleza walipokuwa wadogo.

"Huo ni mwamba wetu," alisema taratibu.

"Ndiyo."

Lukasi aliliweka begi chini, pakavu. Akapekua mfuko wa suruali, akatoa nati ndogo ya chuma. "Nichongee wangu. Mvalishe hii. Mtundike juu, watoto wasimfikie."

"Umepewa na nani?" Hezroni aliuliza, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya gemu.

"Dereva. Anaitafuta."

Lukasi akapanda, gari likaondoka. Stumai alirusha punje. Mbili zilitazama juu. Alimsogeza mtu wake hatua mbili mpaka kwenye nyumba iliyofuata, akafuta matone ya mvua usoni, akabisha hodi.