Vizibo vya Dada Kwenye Karai Moja

Dada yangu alitunza chupa za maabara ya chuo tangu nikiwa kidato cha kwanza hadi Mungu alipomchukua, mwezi uliopita. Wanafunzi walimwita Mama Vizibo, naye alilibeba jina hilo kama wengine wanavyobeba cheo.

Chupa zile zilizibwa kwa vizibo vya kioo, na kila kizibo kilikuwa kimesuguliwa kiwandani ndani ya shingo ya chupa yake hadi vikashikana. Cha jirani kitaingia, lakini kitacheza, na mvuke wa tindikali utatoka. Kwa hiyo alikifunga kila kizibo kwa uzi kwenye shingo ya mwenziwe. Nyumbani alikuwa akituambia, "Hawa ni mke na mume. Ukiwabadilisha, nyumba inavuja." Chupa tupu aliiwekea kipande cha karatasi kati ya shingo na kizibo, visije vikagandana. Kizibo kilichoganda hakukilazimisha. Aliizungushia shingo kitambaa cha maji moto, akakigonga polepole kwa kijiti, akikibembeleza kama mtoto aliyenuna. Soda kali, ile inayochoma ngozi, hakuiziba kwa kioo kamwe, kwa sababu inakila kioo na kukigandisha. Hiyo aliipa kizibo cha mpira.

Chuo kilipanga ibada ya kumkumbuka, humo humo maabara, nami nikaombwa kufungua kwa sala. Niliwahi kufika. Kabati zilikuwa zinang'aa. Wenzake walitaka kumheshimu, basi walikuwa wamezikata nyuzi zote kwa kuwa zimechakaa, wakaziosha chupa moja moja, na vizibo vyote wakavitia kwenye karai moja kama viazi vya kumenywa. Chupa ya soda kali walikuwa wameiziba kwa kioo.

Makaburini sikulia. Pale nililia, na hayakuwa machozi ya huzuni.

Mkuu wa maabara alinishika bega. Akasema nisijali, vizibo vya plastiki vimeshaagizwa, na chupa hizo za zamani zitatupwa baada ya ibada, maana hakuna ajuaye tena kipi ni cha ipi. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma.

"Sala haianzi," nikamwambia.

"Ndugu yangu, watu wameshakaa."

"Vizuri. Kila mmoja achukue chupa."

Shangazi alinivuta shati, akaninong'oneza kwamba hasira ni hasara, na msiba hautaki mkali.

"Shangazi, leo msiba umempata."

Akanitazama sana. Halafu akasogeza kiti, akachukua chupa. Mkubwa akishaanza, nani atabaki amekunja mikono?

Niliwaonyesha kama dada alivyonionyesha: kiloweshe maji kidogo, kitie, kizungushe. Kikicheza, si chake. Kikiwa chake kinatulia, na ule ukungu wa kioo kilichosuguliwa unafutika pande zote. Mlinzi wa geti alishika kimoja akasema hiki kimeshaolewa mara nne na bado kinatafuta. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nimewakasirikia, na Mungu anisamehe, hata Yeye nilimkasirikia.

Mkuu alivaa glavu na miwani ya kazi, akaikabili chupa ya soda. Ilikuwa imezibwa jana yake tu, kwa hiyo kizibo kilikubali kutoka. Akaitafutia cha mpira bila kuambiwa.

Mwishowe karai lilibaki na kizibo kimoja. Tulikijaribu kila mahali. Kisha mama mmoja wa usafi akasema, akiwa ameinamisha macho, kwamba chupa ya kizibo hicho ilimponyoka wakati wa kuosha, ikavunjika. Nilikitia mfukoni. Sikumwambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Sala yangu ilikuwa fupi na kavu. Nilimwomba Mungu ampokee dada yangu, na wenzake awape nyuzi. Wakaitikia amina. Mkuu alikuwa bado amekishikilia kizibo kimoja juu ya chupa yake kwa kidole, kama anayeogopa watatengana tena. Akaniuliza dada alikuwa akitumia uzi gani.

Nikamwambia wa kufungia viatu. Akainama, akaanza kuuchomoa wake kiatuni.