Maji ya Kunawa kwa Kadi za Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti ya kuazima, pana kiasi kwamba ningeweza kumkaribisha mgeni ndani yake. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni hapa hapa Bagamoyo, na nilijiona msomi kuliko wasomi wote kutoka Pangani mpaka Dar es Salaam. Mkuu wa Hifadhi ya Nyaraka alikitazama cheti changu, akakirudisha.

"Nimekiona. Sasa nionyeshe mikono."

Nikainyoosha.

"Asubuhi umekula nini?"

"Vitumbua, mzee."

"Kanawe. Mafuta ya vitumbua vyako yatakaa kwenye karatasi muda mrefu kuliko utakavyokaa wewe duniani."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza. Vijana wengi hudhani hifadhi ya nyaraka ni maktaba. Sivyo. Maktaba hukusanya vitabu. Hifadhi hupokea karatasi alizoziacha mtu katika kuishi na kufanya kazi, na huzitunza kwa mpangilio ule ule alioupanga mwenyewe. Tulichomoa pini zenye kutu na kufuta vumbi kwa brashi laini. Unyevu wa pwani ulikuwa hauna masihara, ungeweza kuotesha mchicha ndani ya faili. Na mchwa wetu walikuwa wasomaji kweli kweli, walianza na jalada hawaachi mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilianzia stoo, nikapelekwa Dar kujifunza kukarabati karatasi zilizochanika, kisha nikarudishwa Bagamoyo kusimamia chumba cha wasomaji. Hapo ndipo nilipokutana na karatasi za Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mkutubi, mchoraji, na mwandishi wa maisha ya watu. Zamani kila kitabu cha maktaba kilikuwa na kadi yake ngumu iliyopigwa chapa, yenye tundu chini la kupitishia chuma ili isichomolewe ovyo. Kompyuta zilipoingia, kadi zikawa za kutupwa, naye akaziomba. Upande wa mbele akauacha na jina la kitabu kama lilivyokuwa. Upande wa nyuma akachora sura ya mtu: mshona kofia wa Mji Mkongwe, mkausha samaki wa Saadani, mkulima wa Makurunge. Chini ya sura akaandika maisha ya mtu huyo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na juu ya kila kadi, Bismillahi.

Alipofariki, tulisubiri arobaini ipite, tukaenda nyumbani kwake kuziomba kadi, Mkuu wa Hifadhi na mimi. Tulipokewa na mdogo wake, Bi Maimuna. Tukaamkia, tukatoa pole, tukakaribishwa uani. Huko tukakuta shimo limechimbwa, na kando yake masanduku yamejaa kadi.

"Mmechelewa, wanangu," akasema. "Hizi zinaingia ardhini."

Kwetu Waislamu wa pwani karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jalalani. Ikiwa haina tena wa kuitunza, huzikwa mahali safi. Nilimwelewa. Mkuu, mtu wa bara, akauliza kwa upole imekuwaje.

"Mjukuu wetu kauza fungu zima kwa muuza bajia! Juzi nanunua bajia, napewa juu ya kadi. Nageuza, namwona mama yangu mzazi! Sura yake, Bismillahi juu yake, imelowa mafuta. Nyingine ziko chini, watu wanazikanyaga."

"Tukizichukua sisi, bibi, hazitafika kwa muuza bajia."

"Zitafika wapi? Chini ya meza? Azishike mtu katoka huko anakojua mwenyewe? Alambe kidole ndio afunue?"

Mkuu hakubishana. Akanigeukia. "Kombo, mwambie bibi masharti ya chumba chetu."

Nikayatoa kwa sauti ya kuhutubia msikiti mzima. Boksi haliwekwi sakafuni. Msomaji ananawa mikono na kuikausha kabla ya kushika chochote. Halambi kidole. Hali, hanywi.

Bi Maimuna akanikazia macho. "Mmefundishwa na maalimu gani?"

"Ndiyo kazi yenyewe, bibi."

"Na maji mnayo?"

Mkuu akakohoa. Bomba letu, tangu niajiriwe, lilikuwa likitoa upepo na mlio kama wa ng'ombe. "Bomba linasumbua," akasema. "Lakini maji yatakuwepo."

"Haya, chukueni. Shimo silifukii. Nitakuja bila hodi. Nikikuta beseni kavu, narudi na kadi zangu."

Ile kadi ya mama yake hakutukabidhi. Aliifunga ndani ya kanga, ikabaki kabatini.

Kutoka Dar, Mkurugenzi wetu akaagiza mali igawanywe: kadi ziende maktaba, michoro iende makumbusho, maisha ya watu yabaki kwetu. Nilimsikia Mkuu akimjibu kwenye simu: "Mzee, ni kadi moja. Nikuchanie wewe upande gani?" Shauri likaishia hapo.

Mimi nikawa mchota maji mwenye cheti. Kila asubuhi nilibeba ndoo kutoka kisima cha jirani, na nilichota mpaka kisima chenyewe kikataka likizo. Bi Maimuna alikuja wakati wa mvua, alikuja wakati wa jua kali. Alitia kidole kwenye beseni, akatazama kama boksi liko juu ya meza, akaondoka.

Siku moja hakuondoka. Alinawa, akakausha mikono kwa taulo letu, akakaa, akafungua kanga. Kadi ya mama yake ilikuwa na doa la mafuta lililofika mpaka shavuni. Nikasema naweza kujaribu kulipunguza kwa unga wa chaki.

"Liache," akasema Bi Maimuna. "Mama mwenyewe alikuwa mkaanga vitumbua. Hakukosa doa siku hata moja."

Mkuu akaiweka ndani ya boksi. Wiki ile ile, kule uani, shimo likapandwa mpapai.

Nilistaafu miaka mingi baadaye, na Bi Maimuna naye ametangulia. Nikiulizwa nimebakiwa na nini, husema nimebakiwa na mabega yaliyopinda kwa ndoo na ujuzi wa kutolamba kidole. Kazi ya nyaraka haimpi mtu jina. Inampa utaratibu, naye anawaachia wengine.

Juzi nilikwenda kuitazama ile kadi. Mezani alikuwa binti mgeni kwangu. Nikasogea kwa madaha ya mwenye nyumba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Nipe boksi la Bi Zuhura."

"Beseni lile pale, babu. Kwanza unawe."

Nikageuka kutazama. Lilikuwa limejaa.