Maji Baridi kwa Mke Mwenza

Bi Naima wa Mtoni alikuwa na mke mwenza wa urefu wa kidole. Aliishi sebuleni ndani ya tangi la kioo, rangi yake ya chungwa, mistari mitatu myeupe ubavuni, na kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri mume wao alipiga simu kutoka Doha kumjulia hali. Nasema kumjulia hali huyo samaki. Bi Naima kazi yake ilikuwa kushika simu.

Mimi ni mpangaji wake, Tupokigwe, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Tukuyu, na wanaonijua watakwambia mdomo wangu hauna breki. Nilipohamia chumba cha uani miaka mitatu iliyopita nilidhani tangi lile ni pambo, kama watu wanavyoweka maua ya plastiki. Bi Naima alinirekebisha siku hiyohiyo.

"Hilo si pambo, mwalimu. Hiyo ni kazi ya mume wangu, kaniachia."

Mumewe, Salumu, alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kampuni ya kusafirisha samaki wa mapambo nje ya nchi. Kampuni ilipofungwa, mteja mmoja akamwita Doha akaoshe matangi makubwa ya samaki kwenye jengo la maduka. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, na sasa anaingia wa sita. Hawakujaliwa mtoto. Alichomwachia mkewe ni samaki mmoja, mashine ya kuchujia maji, na agizo: tunza maji, samaki atajitunza mwenyewe.

Na Bi Naima aliyatunza hayo maji kuliko watu wanavyotunza mali ya urithi. Uani kwetu kuna kisima, na maji yake yana chumvi kama visima vingi vya Mtoni; sabuni haitoi povu, na chai yake unainywa umekunja uso. Nikamuuliza kwa nini asichote hayo, maana samaki wa chumvi na maji ya chumvi wamekwisha kukutana. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chumvi ya kisima na chumvi ya bahari haziamkiani, mwanangu. Hii ya kisima ina mambo yake huko chini, vyoo vya watu na kutu za watu. Utamuua mgeni wa watu bure."

Kwa hiyo alianza na maji ya bomba. Aliyajaza kwenye pipa la bluu, akayaacha wazi siku nzima ili harufu ya dawa itoke, kisha akayapitisha kwenye mashine ya ukutani yenye mirija mitatu minene. Wa kwanza una sifongo la kunasa matope, wa pili una mkaa, na wa tatu una kitu kama ngozi laini ambayo hata chumvi haipiti. Maji safi yalitoka tone kwa tone. Ukipata ndoo moja safi, ndoo tatu zimekwenda na uchafu, na hizo tatu tulidekia nyumba na kumwagia chooni. Kuyapima, alidondosha tone moja kwenye kioo cha kujitazamia akaliacha likauke. Likiacha duara jeupe, maji yanarudi kwenye mashine. Nimewahi kumwona akirudisha ndoo nzima kwa sababu ya duara ambalo mimi hata kwa miwani sikuliona.

Hapo ndipo alipotia chumvi ya bahari ya unga, aliyokuwa akitumiwa na Salumu kwa mikono ya wasafiri. Alikoroga kwa mwiko ambao haukuwahi kugusa ugali, akatumbukiza kipimo cha kioo kinachoelea, na kipimo kikisimama kwenye alama ndipo akabadilisha maji ya tangi kidogo kidogo. Kazi hiyo ilikuwa ya Ijumaa asubuhi. Mchana alioga, akajifukiza udi, akavaa kanga isiyofuliwa bado, akakaa karibu na simu. Siku moja nikamwambia simu haipitishi harufu.

"Najua," akasema. "Naisikia mie."

Simu yenyewe ilikuwa ya picha, na neno la kwanza la Salumu lilikuwa, "Naima, hebu nionyeshe mnyama." Bi Naima akaielekeza kamera kwenye tangi. Kipimo? Kipo kwenye alama. Anakula? "Anakula kuliko mie." Zikapita dakika kumi za kumtazama samaki akipinda kulia akipinda kushoto, na mwisho Bi Naima akauliza lile lile la kila Ijumaa.

"Unarudi lini?"

"Inshallah. We tunza maji."

Dakika kumi hizo ndizo alizozingoja wiki nzima. Hakuona haya kusema anamtamani mumewe. Aliniambia anakikosa kikohozi chake cha alfajiri, anaikosa hata hasira yake chai ikipoa. Zamani Salumu akitoka kazini vidole vimejikunja kwa maji ya chumvi, alimnyooshea mikono ampake mafuta ya nazi. "Siku hizi nani anampaka?" aliniuliza.

Salumu mimi sikumpenda. Mwanaume wa miaka hamsini na nne anauliza chakula cha samaki, cha mkewe hakiulizi! Nilimwambia Bi Naima hivyo hivyo, akaninyooshea kidole.

"Usimseme mume wangu. Samaki akiwepo, atapiga. Na akipigapiga, iko siku atachoka kupiga, atakuja."

Basi nikajua uhai wa kile kidudu umebeba nini.

Mwaka huu mwezi wa pili, kwenye joto lile ambalo ukioga unatoka bafuni na jasho, Bi Naima alipata msiba Kibiti. Jumanne asubuhi akanikabidhi funguo na ndoo moja ya maji aliyoyachuja, bado hayajatiwa chumvi.

"Joto hili maji ya tangi yanapungua, lakini chumvi haiendi popote, inabaki. Yakishuka chini ya huu mstari, ongeza maji baridi. Maji baridi tu, mwalimu. Ukitia ya chumvi umemuua."

"Nimeelewa mama. Maji baridi."

Nilielewa kama mtu wa Tukuyu. Kwetu maji yote ni matamu, yanashuka mlimani, hakuna aliyehangaika kuyapa jina. Baridi kwetu ni baridi. Nikachukua ndoo ya Bi Naima, nikajaza jagi nikaliweka kwenye friji, na mengine nikayafunga kwenye mifuko ya barafu nikayagandisha. Jumanne jioni nikatia jagi zima. Jumatano nilitoka shule nikakuta samaki amepanda juu anatweta, nikamwonea huruma, nikajua ni joto. Tangi ni dogo, la ndoo tatu tu. Nikamtilia mifuko minne ya barafu. Baada ya muda akatulia chini kwenye mchanga, nami nikajipongeza kwa kumpatia usingizi.

Alhamisi asubuhi alikuwa amelala ubavu.

Bi Naima alirudi mchana. Nilisimama mlangoni. Alitazama, akatumbukiza mkono kwenye maji, akautoa.

"Mbona ya baridi hivi?"

"Si ulisema nitie maji baridi, mama?"

Alikaa kwenye mkeka na baibui lake la safari mwilini. Kisha akaanza kunieleza taratibu, kama ninavyowaeleza mimi wale wa darasa la kwanza. Maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Hata yakichemka kwenye sufuria mpaka yakaunguza, ni maji baridi. Watu wote wa pwani wanalijua hilo, na mimi mwalimu wa darasa la nne nilikuwa nimefundisha mwaka hadi mwaka kwamba sato ni samaki wa maji baridi, nikidhani ziwani wanatetemeka. Nikamwambia. Bi Naima akacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka kilio. Nililia naye. Sijawahi kujichukia kama siku ile.

"Kesho akishajua, Ijumaa ijayo atapiga kwa ajili ya nini?" alisema. "Niambie, mwalimu. Atanipigia kwa ajili ya nini?"

Nikamshauri uongo. Aseme kamera imeharibika, tutatafuta samaki mwingine kama yule, Salumu hatajua. Akakataa. Alisema mtu aliyeishi na samaki miaka kumi na tisa hadanganywi kwa samaki, na yeye hajawahi kumpa mumewe maji yenye duara. Tukamzika mke mwenza chini ya mpapai.

Ijumaa hakuchuja maji. Alioga, akajifukiza udi. Mimi aliniambia nikae hapo hapo, nisiende popote. Simu ikalia wakati wake.

"Naima, hebu nionyeshe mnyama."

"Mnyama amekufa, Salumu. Jana."

Nyuma yake zilisikika pampu za huko Doha.

"Nani alitia maji?"

Nikafungua mdomo. Bi Naima akanizuia kwa mkono.

"Mie. Nimekosea mie."

Salumu akashusha pumzi ndefu. Nilitegemea atafoka, na ningemjibu, nilikuwa nimejiandaa. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Haya, basi. Usijisumbue tena na maji. Mtafute mtu umuuzie hilo tangi."

Nilimwona Bi Naima akilipokea neno hilo. Aliloa uso wote, machozi na jasho havikujulikana. Miaka yote alikuwa akitunza ahadi ndani ya kioo kile, na mtu anayekusudia kurudi haagizi chombo chake kiuzwe. Hata mimi nisiyejua Kiswahili cha pwani nilielewa.

"Siuzi," akasema.

"Tangi tupu la nini, Naima?"

"Tangi lako. Njoo uliuze mwenyewe."

Na akafanya jambo ambalo sikumwona akilifanya miaka mitatu. Aliigeuza kamera. Akaishika mbele ya uso wake kwa mikono miwili, kanga imeteleza begani, mvi zimemtoka mbele ya masikio, na hakujifuta.

"Nitazame," akasema. "Hiki ndicho kilichobaki cha kutazama humu ndani. Ukitaka piga, usipotaka usipige. Mie nimechoka kukuonyesha mnyama."

Nilidhani mtandao umekatika, nikasogea kuchungulia. Salumu alikuwepo. Mzee wa watu, sare ya bluu, vidole vyeupe vilivyojikunja vimeziba mdomo, anamtazama mkewe.

"Naima," akasema mwishowe. "Umekonda hivyo tangu lini?"

Bi Naima akatikisa kichwa.

"Leo umekula nini?"

Miaka mitano na zaidi alikuwa akingoja kuulizwa. Akanisukumia simu mkononi, akajifunika kanga usoni, akalia. Nikaishika simu. Nikamwambia mumewe shikamoo, kisha nikamwambia ukweli, kwamba tangu jana hajatia kitu kinywani.