Kumsindikiza Bwana Shen

Khairunisa hakuzaliwa na subira, na hajawahi kuitafuta. Katika duka lake la mashine za kupukuchua mahindi, karibu na msikiti wa Kitale, mteja akiuliza bei mara ya pili huonyeshwa mlango. Huonyeshwa kwa tabasamu, lakini huonyeshwa.

Msimu huo alitaka kitu kimoja tu: uwakala wa mashine hizo kwa Trans-Nzoia na Bungoma yote. Bwana Shen, mwenye kiwanda, alikuwa ametoka China kuja kuchagua wakala mwenyewe, na tajiri mmoja wa Eldoret naye alikuwa ameshaanza kuumezea mate. Khairunisa akiukosa, angelazimika kununua mashine kwa huyo tajiri. Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Basi mgeni alipoketi tu, hata chai haijamiminwa, akamwekea mkataba mezani, na kalamu juu yake. Bwana Shen, ambaye Kiswahili chake alikiokota Nairobi, akausogeza kando taratibu.

"Mama yako ako?" akauliza.

"Ako Bumula, kule Bungoma. Lakini kuhusu bei..."

"Twende tumsalimie."

Safari yote hadi Bungoma mgeni alisifu mahindi ya watu. Walipofika Bumula, Bi Leila, mama yake Khairunisa, akamkarimu kwa ugali na kuku, kisha akamhoji bila huruma. Ana watoto wangapi? Mbona amekonda hivyo? Nani anampikia? Bwana Shen alijibu yote, naye akauliza ya kwake. Khairunisa alikaa pembeni ameukumbatia mkoba wenye mkataba, roho juu juu.

Wakati wa kuaga, Bi Leila akashika mkongojo wake.

"Mama, wacha dereva alete gari hapa mlangoni," Khairunisa akasema.

"Ati mgeni abebwe mlangoni kama gunia? Hebu songa!"

Wakatembea hadi barabarani. Pale Bwana Shen akautazama ule mkongojo, akaitazama njia waliyotoka. "Mama hawezi rudi peke yake," akasema, akageuka naye. Walipofika nyumbani, Bi Leila akakataa katakata kushindwa. "Umenisindikiza, na mimi nakusindikiza!" Wakatoka tena. Khairunisa akafuata nyuma, visigino vya viatu vyake vya mjini vikizama kwenye udongo, akiwalaani wote wawili kimoyomoyo.

Katikati ya njia Bwana Shen akapunguza mwendo.

"Mama yangu alikuwa hivi. Ananifikisha mpaka stesheni. Mara ya mwisho nilikuwa na haraka, nikamwambia, rudi tu, nitakuja tena." Akautazama mkongojo wa Bi Leila. "Niliporudi, sikumkuta."

Bi Leila akamshika mkono. Khairunisa aliona haya, haya kweli kweli, na ule mkataba mkobani ukawa mzito.

Walipolifikia gari, Bwana Shen mwenyewe ndiye aliyeuulizia mkataba. "Eldoret nimeona stoo kubwa. Watu sikuona. Lete karatasi." Akaweka sahihi juu ya boneti huku Bi Leila akimpungia dereva asiwashe injini kabla hawajaagana vizuri.

Miaka imepita. Gia mbovu za mashine zikija, Khairunisa humpigia Bwana Shen simu, na nyingine hutumwa bila ugomvi. Sikukuu ya Idi haipiti bila Bwana Shen kumtafuta Bi Leila, wacheke kwa simu mpaka chaji iishe. Na kila akija Kenya, anaanzia Bumula.

Mwaka huu goti la Bi Leila limegoma. Bwana Shen alipoinuka kuaga, mama alijaribu kusimama, akarudi kitini, na machozi yakamlengalenga. Mgeni naye akabaki amesimama pale mlangoni, hajui aende au akae.

Simu ya Khairunisa ikaita. Alikuwa mteja, na mteja mkubwa. Akaizima, akavua viatu vyake vya visigino, akavaa malapa ya mama yake.

"Twende, Bwana Shen," akasema.

"Umfikishe mpaka barabarani!" Bi Leila akapaza sauti kutoka kitini. "Na msikimbie!"

Hawakukimbia.