Kompyuta Nzito ya Baba

Baba alipostaafu ualimu nilimpa laptopu niliyoitumia chuoni, nikamwonyesha namna ya kuiwasha na kuizima, nikarudi zangu Dar es Salaam nikidhani atachezea karata. Hakucheza karata hata siku moja. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ndiye mwandishi wa wasifu wa marehemu kwa mtaa wetu mzima pale Mtendeni, Tabora. Ukitokea msiba kwa sisi Wamoraviani, na mara nyingine hata kwa Wakatoliki, wafiwa walikuja na karatasi iliyokunjwakunjwa: amezaliwa lini, amebatizwa wapi, ameacha watoto wangapi. Baba aliwakalisha, akawauliza mengine ambayo hawakuyafikiria, akachapa kwa vidole viwili, na kwenye mazishi akasimama kusoma. Alisoma vizuri. Hata mtu aliyekuwa na ugomvi na marehemu aliondoka makaburini akiwa amelainika.

Kompyuta yenyewe ilikuwa nzito tangu nikiwa nayo mimi, na miaka ikaizidishia. Baba aliiwasha, akaenda kuoga, akavaa, akanywa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, ndipo ikawa tayari kufanya kazi. Hakulalamika. Aliniambia kwenye simu kwamba amefundisha watoto wazito kuliko hiyo, na wote mwishowe walijua kusoma. Mimi sina uvumilivu huo. Nilimwambia aitupe, akaniuliza kama naye akizeeka nitamtupa, nikakata simu nikicheka.

Mwaka jana akafariki rafiki yake. Walifundisha pamoja Urambo miaka mingi, waliimba besi kwaya moja, na hata baiskeli walinunua siku moja. Siku ya mazishi watu wote walijua nani atasoma. Mama ndiye aliyenisimulia: baba alisimama pale kaburini mikono mitupu, akasema kompyuta imegoma, akaomba radhi, na mchungaji akalazimika kusema maneno mawili matatu ya kutafuta. Baba aliporudi nyumbani aliifunga laptopu kwenye kitenge akaiweka juu ya kabati. Familia mbili zilizokuja baadaye alizielekeza steshenari ya mjini. Kisha mjane wa rafiki yake akaleta ombi kwamba wasifu usomwe angalau siku ya arobaini, na baba akamjibu yaleyale, kompyuta mbovu. Arobaini ilikuwa imebakiza siku nane.

"Namwogopea baba yako," mama aliniambia. "Akiacha na hili, atakaa tu."

Nikaomba likizo siku hiyohiyo. Kabla ya kupanda basi nilipitia Kariakoo nikanunua RAM, maana nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba kompyuta ya zamani ikiongezewa RAM inafufuka, na mimi nikishasoma kitu mara moja najiona fundi. Sikumuuliza mtu. Niliibeba kwenye mkoba safari nzima mpaka Tabora, na kila basi liliporuka tuta niliushika mkoba kifuani.

Baba alinipokea kwa furaha, tukaamkiana, akaniuliza habari za kazi. Nilipomweleza kilichonileta alisema basi niipeleke, ila nisimsumbue fundi. Nilitegemea angalau atabasamu. Nikajiambia ni aibu ya mazishi, itaisha mashine ikipona.

Fundi yupo Kanyenye, mtu wa makamo mwenye kofia ya kiua, ndani ya kibanda ambamo marehemu baba yake alitengenezea saa. Bado anatumia lensi ileile ya jichoni. Aliiwasha kompyuta, akaniagizia kahawa, na ilipofunguka akanionyesha kwamba RAM imejaa hata kabla hatujagusa kitu. RAM ni meza ya kazi, alinieleza, na diski ni stoo. Meza ya baba ilikuwa ndogo kama sinia. Kila akitaka kalamu lazima mashine irudishe kwanza karatasi stoo, ndiyo maana muda wote ilikuwa njiani. Nikamwambia hayo nayajua, nikatoa boksi langu la Kariakoo kwa mbwembwe.

Alifungua skrubu za chini kwa bisibisi, akaishika RAM yangu, akailaza juu ya nafasi yake. Ilizidi kwa nusu nzima.

"Dada," alisema taratibu, "umemnunulia mtoto viatu vya baba yake."

Ilikuwa ya kompyuta kubwa za mezani. Nikanywea. Yeye hakucheka, au alicheka akiwa ameinama. Alitoa kopo la RAM alizochomoa kwenye laptopu zilizokufa, akajaribu moja, pengo lake halikulingana na nafasi; ya pili ikaingia, ikalia ta. Akawasha, kioo kikabaki cheusi. Fundi akaichomoa tena, akayasugua yale meno ya RAM ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, akapuliza, akairudisha, na mashine ikawaka. Kisha akaondoa vikorokoro vyangu vyote vya chuoni, programu zilizokuwa zinafunguka zenyewe bila kuombwa. Kahawa ya pili sikuimaliza. Nilipouliza mara tatu kama kweli imepona, aliniambia yeye alifundishwa na baba yangu darasa la tano, na hawezi kumpelekea Mwalimu kazi mbovu.

Nyumbani nikaiweka mezani mbele ya baba, nikaiwasha. Ilikuwa tayari kabla hajapata miwani yake. Nikamtania kwamba sasa hana kisingizio, na nikasubiri acheke.

Hakucheka. Nami, kwa kutaka kumwonyesha kasi mpya, nikalifungua faili la wasifu wa rafiki yake. Lilifunguka mara moja. Lilikuwa na maneno mawili tu, "Marehemu alizaliwa", halafu weupe mpaka chini. Hasira zikanipanda, nikaanza kuilaani ile mashine kwa kummezea mzee kazi yake yote.

"Haikumeza kitu," baba alisema. "Siku ile niliiwasha alfajiri, ikafunguka vizuri kuliko siku zote. Nilikaa mbele yake mpaka wakaja kuniita. Nilikuwa naomba ikwame, mwanangu, na haikukwama."

Niliona aibu kwa kelele zangu zote, za safari na boksi na fundi, na nilimpenda baba yangu kuliko nilivyowahi kumpenda. Nikaanza kumwambia kwamba si lazima, mjane ataelewa. Akatikisa kichwa, akaisukuma kompyuta upande wangu.

"Niulize," alisema. "Kama ninavyowauliza wengine. Mimi pia nimefiwa."

Basi nikamuuliza. Nilianza na alikozaliwa, nikaenda kwenye shule, nikashindwa kuendelea, naye akanifundisha: uliza alichekea nini, uliza aliogopa nini. Akanieleza kwamba rafiki yake aliogopa kinyonga. Akanieleza kwamba msimu wa tumbaku, watoto walipobakizwa nyumbani kusaidia wazazi, yule bwana hakuwachapa. Aliwafuata na ubao mdogo mpaka kwenye bani la kukaushia majani, akawafundisha kuzidisha kwa kuhesabu majani yaliyofungwa kwenye vijiti. Wazazi walimpa karanga. Hapo baba alicheka mpaka akakohoa, mama akaja mlangoni kuangalia kuna nini, akarudi jikoni. Nilichapa upesi nilivyoweza, na mashine haikuniacha nyuma hata kwa herufi moja.

Tulimaliza karibu na chakula cha mchana. Baba aliusoma wote kimya, akasahihisha jina la kijiji na koma mbili, kisha akaniomba nikuze herufi, niziweke kubwa sana, hata kama zitakula karatasi sita. Nilishangaa, nikamkumbusha kwamba miwani yake ni mpya.

"Miwani haina shida," alisema. "Siku hiyo nitakuwa nalia, na nataka nisome mpaka mwisho."

Nikazikuza mpaka mstari mmoja ukabeba maneno manne tu.